Kirusi Kimevaa Nini? Mwongozo wa Kusafisha, Kupima na Kuchanja

Kirusi kikiwa nje ya seli hakili, hakipumui wala hakizaani. Ni kifurushi tu. Ndani mna jenomu, yaani maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa DNA au RNA, na nje mna vazi la protini linaloyalinda maagizo hayo mpaka yafike kwenye seli nyingine. Baadhi ya virusi huongeza vazi la pili juu ya hilo: utando mwembamba wa mafuta unaochukuliwa kwenye seli ambamo kirusi kimezaliwa. Kwa mtu anayefua mashuka ya mgonjwa, anayeshika karatasi ya majibu ya maabara au anayempeleka binti yake kuchanjwa, swali lenye faida kubwa ni moja: kirusi hiki kimevaa nini? Jibu lake huonyesha kama sabuni itatosha, kama spiriti itafaa kitu, kipimo kinatafuta nini, na chanjo imetengenezwa kwa kipande kipi.

Vazi la protini

Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Katika nafasi finyu kiasi hicho haiingii jenomu ndefu, na jenomu fupi haiwezi kubeba maelezo ya protini nyingi. Mwaka 1956 Francis Crick na James Watson walieleza namna virusi vinavyolikwepa tatizo hilo: protini chache hutengenezwa kwa wingi, kisha nakala zake hupangwa kwa mpangilio unaojirudia. Mwaka 1962 Donald Caspar na Aaron Klug waliandika kanuni za mpangilio wenyewe. Virusi vingi vyenye umbo la mviringo hufuata umbo la nyuso 20 na pembe 12. Ukiutazama mpira wa miguu wa kizamani, ule wa vipande vyeusi na vyeupe, utaona vipande vyeusi 12 vyenye pande tano. Hapo ndipo pembe za kirusi zinapokaa.

Vazi hilo huitwa kapsidi. Ya polio ina protini nne, VP1 hadi VP4, kila moja ikirudiwa mara 60. Ile ya kirusi cha papiloma (HPV), kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hujengwa hasa kwa protini moja iitwayo L1, nakala 360 zilizofungwa tano tano katika mafungu 72. Kirusi cha rota, kinachoharisha watoto wachanga, kina kapsidi tatu zilizovishwa moja juu ya nyingine.

Si kapsidi zote zilizo mviringo. Ile ya kirusi cha madoa ya tumbaku ni kama fimbo yenye urefu wa nanomita 300, iliyojengwa kwa nakala 2,130 za protini moja zilizozungushwa juu ya uzi wa RNA. Mwaka 1955, huko California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams waliitenganisha RNA ya kirusi hicho na protini zake, kisha wakavichanganya tena katika maji. Vipande vilijipanga vyenyewe na kuwa virusi vyenye uwezo wa kuambukiza. Protini za kapsidi hazihitaji fundi wa kuziunganisha, na sifa hiyo ndiyo iliyowezesha baadaye kutengeneza chanjo ambayo ni kapsidi tupu.

Utando wa mafuta na miiba yake

Virusi vyenye utando huupata wakati vinapochomoka kwenye seli. Utando ni mafuta, lakini ndani yake kirusi huwa kimechomeka protini zake mwenyewe: miiba. Mwiba ndio ufunguo wa kirusi, nao hushika sehemu maalumu kwenye uso wa seli na kufungua njia ya kuingilia. Kirusi cha UVIKO-19 kina mwiba mmoja mashuhuri unaoandikwa S. Virusi vya mafua makali vina miiba ya aina mbili, H na N, ndiyo maana aina zake huitwa H1N1, H3N2 na kadhalika. Ebola ina mmoja, GP.

> KISANDUKU: Protini zinazotajwa mara nyingi na kazi zake
> - *Protini ya kapsidi* (p24 ya VVU, L1 ya HPV): hufunika na kulinda jenomu.
> - *Protini ya kiini* (N ya UVIKO-19): hujishikiza kwenye RNA na kuikunja.
> - *Mwiba* (gp120 na gp41 za VVU, G ya kichaa cha mbwa): hushika seli na kufungua njia.
> - *Protini ya chini ya utando* (p17 ya VVU, VP40 ya Ebola): huushikilia utando kwa ndani na kusaidia kirusi kuchomoka.
> - *Vimeng'enya* (kama kile cha VVU kinachogeuza RNA kuwa DNA): husafiri ndani ya kirusi, na dawa nyingi za kufubaza VVU huvilenga.

Katika orodha hiyo hamna ukuta wa seli wala mitambo ya kutengeneza protini, vitu ambavyo antibiotiki nyingi hushambulia katika bakteria. Amoksilini iliyomezwa kwa ajili ya mafua haina mahali pa kushika kwenye kirusi.

Kutambua kundi la kirusi kabla ya kushika ndoo

Utando huonekana kama silaha ya ziada, kumbe ndio udhaifu. Mafuta yakiyeyuka, miiba huondoka nayo, na kirusi kisicho na miiba hakiwezi tena kuingia kwenye seli. Kirusi uchi, kile chenye kapsidi peke yake, hakina mafuta ya kuyeyusha.

Njia ya haraka ya kukisia kundi ni kutazama njia ya maambukizi. Virusi vinavyoingia kwa mdomo na kutoka kwa choo hupita kwenye asidi ya tumbo na kwenye nyongo, na nyongo huyeyusha mafuta kama sabuni. Virusi vya utando kwa kawaida havihimili safari hiyo, kwa hiyo magonjwa ya kuhara ya virusi karibu yote ni ya virusi uchi.

*Virusi uchi:* polio, rota, noro, homa ya ini A na E, HPV, mafua ya kawaida ya pua, na ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe.

*Virusi vyenye utando:* VVU, UVIKO-19, mafua makali, surua, kichaa cha mbwa, Ebola, Marburg, homa ya Bonde la Ufa, homa ya manjano, dengi, chikungunya, homa ya ini B na C, mpox, na kideri cha kuku.

Tahadhari. Utando haumaanishi kwamba kirusi kitakufa chenyewe upesi. Kirusi cha homa ya ini B kina utando, lakini katika damu iliyokauka huweza kuambukiza kwa siku saba au zaidi. Cha mpox hudumu ndani ya magamba ya vidonda na kwenye matandiko. Cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa uliotangazwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, hukaa ndani ya nyama kwa muda mrefu. Kundi humwelekeza mtu kwenye dawa ya kutumia. Halimpi ruhusa ya kuacha kusafisha.

Dengi, chikungunya na homa ya manjano huenezwa na mbu, kwa hiyo kupiga deki kwa jiki hakupunguzi chochote. Kazi hapo ni kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

Sabuni: kwa makundi yote mawili, kwa sababu mbili tofauti

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili, moja ikipenda maji na nyingine ikipenda mafuta. Ncha inayopenda mafuta hujichomeka kwenye utando na kuuvunja. Kwa virusi uchi sabuni haivunji kitu. Huvitoa kwenye ngozi pamoja na uchafu, kisha maji yakavipeleka. Kwa hiyo mtu anayehudumia mtoto anayeharisha anahitaji maji yanayotiririka, si beseni moja la kunawia watu wote.

1. Mikono iloweshwe kwa maji yanayotiririka, hata kama ni ya kibuyu chirizi.
2. Sabuni ipakwe kote: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha na vidole gumba.
3. Isuguliwe kwa sekunde 20 kwa uchache.
4. Isuuzwe kwa maji yanayotiririka na kukaushwa kwa kitambaa safi.

Sabuni ya kipande ya kufulia inafanya kazi hiyo sawasawa. Hakuna haja ya kununua ile iliyoandikwa kuwa inaua vijidudu.

> KISANDUKU: Mtu akiumwa na mbwa
> Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi, utando wa mafuta na mwiba mmoja, G, unaokipeleka kwenye mishipa ya fahamu. Kabla hakijafika huko, kidonda kinaweza kuoshwa.
> 1. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kwa saa, si kwa kukisia.
> 2. Kipakwe ayodini au spiriti kama ipo.
> 3. Kisipakwe pilipili, mafuta, majani wala asidi ya betri. Kisifungwe kwa kubana.
> 4. Majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni mkwaruzo, na dozi zote zikamilishwe.
>
> Kuosha hupunguza virusi. Hakuchukui nafasi ya chanjo. Dalili zikishaanza, kifo ni karibu hakika.

Spiriti na kitakasa mikono

Alkoholi huyeyusha utando na kuharibu umbo la protini. Fomula za Shirika la Afya Duniani za kitakasa mikono zina ethanoli asilimia 80 au isopropili asilimia 75. Alkoholi tupu isiyo na maji hufanya kazi vibaya zaidi, kwa sababu protini huharibika kwa wepesi maji yakiwapo, na alkoholi tupu hukauka kabla ya kumaliza kazi. Pombe kali ya dukani, yenye asilimia 35 hadi 45, haifiki kiwango.

Dhidi ya noro na homa ya ini A kitakasa mikono ni dhaifu. Chupa iliyo mlangoni mwa bweni ni nzuri wakati wa mafua makali. Wakati wa kuhara, ndoo ya maji na sabuni ndiyo kinga.

Jiki: kwa ajili ya kapsidi

Klorini hushambulia protini zenyewe, kwa hiyo huvipata virusi uchi pia. Kosa liko kwenye vipimo. Kiasi cha maji hupatikana hivi: nguvu ya jiki iliyoandikwa kwenye chupa igawanywe kwa nguvu inayotakiwa, kisha itolewe moja.

1. Lebo isomwe. Tuseme chupa ina klorini asilimia 3.5.
2. Kwa damu, matapishi na kinyesi cha mgonjwa inatakiwa asilimia 0.5. Kugawanya 3.5 kwa 0.5 kunatoa 7. Ukitoa moja inabaki 6. Kikombe kimoja cha jiki kichanganywe na vikombe 6 vya maji.
3. Kwa meza, vitasa vya milango na sakafu inatakiwa asilimia 0.1. Hesabu hiyo hiyo inatoa kikombe kimoja kwa vikombe 34.
4. Chupa ikiwa ya asilimia 5, vipimo huwa vikombe 9 na vikombe 49.
5. Glovu zivaliwe. Uchafu unaoonekana uondolewe kwanza, kwa sababu klorini humalizikia kwenye kinyesi na damu kabla ya kuvifikia virusi. Kinachoondolewa chenyewe kimwagiwe dawa kabla ya kutupwa.
6. Dawa iachwe juu ya sehemu husika dakika 10 kabla ya kufutwa. Kupaka na kufuta papo hapo ni kupoteza jiki.

Mchanganyiko utengenezwe kwa maji baridi, ufunikwe, uwekwe kivulini na umwagwe baada ya siku moja. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na kitu chenye amonia, kwa sababu hewa inayotoka huunguza mapafu. Ile ya asilimia 0.5 isitumiwe kuogea wala kunawia kila siku.

Kwa mfugaji kuna jambo la pembeni lenye faida. Kapsidi ya kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo ni ngumu mbele ya spiriti, lakini hubomoka kwenye asidi hafifu. Ndiyo maana asidi ya limau hutumika kusafisha viatu na vifaa vya zizini, na nyama iliyochachuka kiasili baada ya kuchinjwa haina hatari kubwa kama mifupa na tezi zake.

Kuchemsha na kuchuja maji

Joto huzikunjua protini za kapsidi zisiweze kurudia umbo lake. Maji yachemke kwa mapovu makubwa kwa dakika moja. Katika miji iliyo juu ya mita 2,000, kama Eldoret, ziwe dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Chujio la kitambaa huzuia tope, na la mshumaa huzuia pia minyoo na bakteria wengi. Kirusi cha nanomita 30 hupenya matundu yake bila shida. Maji yaliyochujwa hayajaondolewa virusi mpaka yachemshwe au yatiwe dawa.

Kusoma majibu ya maabara

Vipimo vingi vya virusi havitafuti kirusi kizima. Hutafuta protini yake moja, iitwayo antijeni, au kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya protini hiyo. Kabla ya kufurahi au kulia, swali ni: kimetafutwa kipi?

Homa ya ini B ni mfano wenye mengi. Kirusi chake kina upana wa nanomita 42. Ndani mna kapsidi, ambayo maabara huiita kiini na kuiandika kwa herufi c; nje mna utando uliojaa protini ya uso, inayoandikwa kwa herufi s. Seli za ini lililoambukizwa humwaga protini ya uso kwa wingi kupita kiasi, hata damu ikajaa vitufe vitupu vya nanomita 22 visivyo na jenomu ndani. Wingi huo ndio unaorahisisha kipimo.

- *HBsAg chanya:* protini ya uso imo kwenye damu, na mtu ana maambukizi wakati huo. Ikiendelea kuonekana zaidi ya miezi sita, maambukizi ni ya kudumu na yanahitaji kliniki.
- *Anti-HBs chanya, HBsAg hasi:* mtu ana kinga, ama kwa chanjo ama kwa kupona.
- *Anti-HBc chanya:* mwili umewahi kukutana na kirusi chenyewe. Chanjo haiwezi kuleta jibu hili, kwa sababu ina protini ya uso peke yake, haina kiini.

Tahadhari. Kipimo cha HBsAg kisifanywe siku chache baada ya chanjo. Protini ya chanjo yenyewe yaweza kuonekana kwenye damu kwa muda, na mtu mzima wa afya akaambiwa ana ugonjwa.

Kwa VVU, kipimo cha kujipima kwa mate hutafuta kingamwili, ambazo huchelewa. Jibu hasi lirudiwe miezi mitatu baada ya tukio la hatari. Vipimo vya damu vinavyotafuta pia p24 hugundua mapema zaidi, kwa kuwa kapsidi huonekana kabla ya kingamwili. Kile cha haraka cha UVIKO-19 kwa kawaida hutafuta protini N. Chanjo nyingi hutumia mwiba S, kwa hiyo aliyechanjwa kwa hizo hawezi kupata jibu chanya kwa sababu ya sindano.

Chanjo za kipande cha kirusi

Hofu ya kwamba chanjo "inamtia mtu ugonjwa" haina msingi kwa chanjo hizi. Ile ya homa ya ini B hutengenezwa na hamira iliyopewa jeni ya protini ya uso. Ya HPV, iliyoanza kutolewa kitaifa Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, ni L1 iliyojipanga yenyewe kuwa kapsidi tupu. Ndani yake hamna jenomu. Haina maagizo ya kuzaana wala ya kusababisha saratani. Chanjo za surua na polio ya matone ni habari nyingine: hizo zina kirusi kizima kilichodhoofishwa.

Ulinzi hufuata umbo la protini. Mwaka 2022 Uganda ilipopata mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, chanjo iliyokuwa imeidhinishwa haikuweza kutegemewa, kwa sababu ilibeba mwiba GP wa aina ya Zaire, na kingamwili za mwiba mmoja hazikuonyesha kuukinga mwili na wa pili.

Orodha ya kukagua mgonjwa wa kirusi akiwa nyumbani

☐ Je, anaharisha au anatapika? Achukuliwe kuwa na kirusi uchi: sabuni, maji yanayotiririka na jiki. Kitakasa mikono kisitegemewe.
☐ Je, ni mafua makali au kikohozi? Sabuni au kitakasa mikono vinafaa, madirisha yafunguliwe.
☐ Je, kuna damu au majimaji ya mwili? Glovu, kisha jiki ya asilimia 0.5 kwa dakika 10.
☐ Je, lebo ya jiki imesomwa, na mchanganyiko ni wa leo?
☐ Je, karatasi ya maabara inataja antijeni au kingamwili?
☐ Je, kuna homa pamoja na kutokwa damu, au mgonjwa ametoka kwenye eneo la mlipuko wa Ebola au Marburg? Asisafishwe na ndugu. Asiguswe, na wahudumu wa afya waitwe.